Kazi ya Gunvor ni Kufuta

"Hivi Yusta, huyu Gunvor wa ghorofa ya tatu anafanya kazi gani hasa?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Bertil, tukiwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu hapa Borås, Uswidi. Alikuwa ameinama anakagua chujio la mashine ya kukaushia, kama anavyolikagua kila siku, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Kompyuta," nikamjibu. "Anaandika programu."

"Hilo nalijua. Lakini jana nimemuuliza, leo umefanya nini kazini? Anasema nimefuta. Juzi kafuta. Wiki iliyopita kafuta. Na uso unamng'aa kama mtu aliyetoka kanisani Pasaka! Sasa mtu kaajiriwa kuandika, yeye anashinda anafuta, na mshahara anapokea. Bosi wake yuko macho kweli?"

Nikasema nitamuuliza. Bertil akachomoa nyuzi za nguo kidogo kwenye chujio, akazitazama kwa huzuni, akaenda kuandika karatasi ya kubandika ukutani. Karatasi zake tunazijua. Hazitaji mtu, ila kila mtu akizisoma hujikuta amesimama wima.

Gunvor ana miaka hamsini na minane. Ni mrefu, mwembamba, nywele anazikata mwenyewe mbele ya kioo, na zinaonyesha hivyo. Mumewe alihamia Malmö na mwalimu wa dansi, jambo analolitaja kama mtu anayetaja mvua ya jana. Baba yake, mzee Algot, anaishi katika jengo hilihili, chini, mlango unaotazamana na baiskeli. Alikuwa fundi wa kufuma vitambaa enzi za viwanda. Aliletwa hapa kutoka kijijini miaka miwili iliyopita, jicho moja likiwa limeshazimika kwa presha ya macho. Lililobaki linaishi kwa dawa ya matone, asubuhi tone, jioni tone. Daktari alisema wazi kwamba jioni zikirukwa, na hilo nalo litakwenda.

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani, na tone la jioni ni langu. Simu ya kazi ndiyo inayonipangia: ingia kwa fulani, ukitoka nenda kwa fulani. Na programu iliyomo ndani ya simu hiyo, kwa mpango wa Mungu, inaandikwa na kampuni anayofanyia kazi Gunvor.

Jumamosi moja tulikuwa tunakunja mashuka, yeye kashika ncha mbili na mimi mbili, nikamfikishia swali la Bertil.

"Mwambie nafua," akasema.

"Jirani, nieleze nielewe."

"Haya. Programu ni maagizo, mstari kwa mstari, ndio sisi tunaita msimbo. Sasa chukua chumba hiki. Kila mpangaji anayehama anaacha soksi moja. Miaka ishirini. Na hakuna anayethubutu kuzitupa, kwa sababu huenda mashine inazunguka kwa ajili ya soksi ile ya njano."

"Watu wazima na digrii zao wanaogopa soksi?"

"Wanaogopa, Yusta! Wameibandikia karatasi: usiguse. Kwa nini isiguswe? Haikuandikwa. Nani kabandika? Kahama. Basi inarukwa, inazungukwa, mtu akihitaji soksi anashona nyingine pembeni. Kuna kipande kinaitwa Jioni. Kipo kingine, Jioni Mpya. Kipo Jioni Mpya Kabisa. Na kinachofanya kazi ni kile kinachoitwa Jioni ya Majaribio."

Nilicheka mpaka shuka likaniponyoka.

"Na wewe unafanyaje?"

"Ninavyofanya hapa. Nikiingia kwa shughuli yangu, naondoka na soksi moja ambayo si yangu. Moja tu. Sitangazi. Siku hiyo haonekani mtu aliyefanya kitu, lakini mwaka ukiisha, sakafu inaanza kuonekana."

Ni kweli, hapa chumbani ndivyo alivyo. Akimaliza kufua, atapangusa kijisanduku cha sabuni, au atafuta alama ya kiatu cha mtu mwingine. Bertil anabandika karatasi na Gunvor anapangusa. Nawaachia wasomaji waseme ni yupi kati yao aliyekifanya chumba kile king'ae.

Mimi si mtu wa kuwasema watu, na Mungu ananisikia, lakini ofisi ya Gunvor lazima niisimulie kidogo, kama alivyonisimulia yeye. Ipo ndani ya kiwanda cha zamani cha nguo, ambacho mzee Algot alifanyia kazi ujana wake. Mkuu wake anaitwa Krister, mtu mpole, ana baiskeli ya bei kubwa na ndevu zilizochanwa. Krister anaupenda usafi wa msimbo kwa moyo wake wote. Alitangaza Wiki ya Usafi. Yakaletwa mabango. Vikaletwa vikombe vimeandikwa "Usafi Unaanza na Mimi." Akaja mshauri kutoka Gothenburg na vikaratasi vya rangi, watu wakabandika dirishani mambo yanayowaudhi, wakala maandazi ya mdalasini, wakajisikia wepesi. Siku mbili zilikwenda kwenye kujadili nafasi tupu mwanzoni mwa mstari: iwe na upana wa herufi mbili au nne? Hapa kwetu hakuna anayependa kumshinda mwenzake kwa kura, kwa hiyo walizungumza mpaka kila mtu akachoka sawasawa, kisha ikaundwa kamati.

"Msimbo wenyewe ulisafishwa?" nilimuuliza.

"Nani angepata muda? Kulikuwa na Wiki ya Usafi."

Vikombe vile, ananiambia, viko mpaka leo kwenye sinki la ofisi, vina kahawa iliyoganda ndani.

Baada ya wiki ile Krister alipata wazo kubwa zaidi. Kwa nini wahangaike na soksi? Waandike programu mpya yote, tangu mstari wa kwanza, waiite Gryning, maana yake mapambazuko. Ofisi nzima ilifurahi, kwa sababu asiyetaka kufua hupenda sana habari ya nguo mpya. Kijana mmoja mwenye akili, baba wa watoto wawili, anaitwa Malte, ndiye aliyepewa kuiongoza. Gunvor aliachiwa programu ya zamani aitunze mpaka izimwe, kama mtu anayeachiwa bibi mgonjwa wakati wengine wanakwenda harusini.

"Mtahamia na uchafu wenu," aliwaambia.

"Gunvor, jaribu kuwa na matumaini," Krister akamjibu kwa upole.

Sasa nifike kwenye lile lililotokea Juni.

Siku hiyo Gunvor alirudi nyumbani akiwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Alinikuta mlangoni na mifuko.

"Yusta! Leo nimekitoa kile kikubwa. Kipande kizima, kilikuwa kimelala pale miaka na miaka, juu yake kimeandikwa USIGUSE kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao. Sababu hamna. Nikatafuta kipande gani kingine kinakiita, hakuna. Nikaendesha majaribio yote, yakawa ya kijani, hakuna lililoshindwa. Nikafuta. Ninamhurumia huyo mzembe aliyekiandika."

"Hongera, jirani. Nani alikiandika?"

"Ananihusu nini? Kashaondoka, wote wanaondokaga."

Nikampongeza tena, tukaachana.

Jumatatu iliyofuata, jioni, nikafungua simu ya kazi niangalie wazee wangu. Mzee Algot hayumo. Nikaifunga nikaifungua. Hayumo. Katika kazi yetu jina likitoka kwenye simu huwa lina maana moja au mbili, na zote si nzuri. Nilisema moyoni, Bwana, umemchukua na sikumuaga. Nikashuka ngazi, nikabisha.

"Pita, mlango una kazi gani!" sauti ikatoka ndani. "Umechelewa!"

Alikuwa amekaa kitini, redio inaimba, shingo kashaielekeza juu tayari kwa tone.

"Mzee Algot! Mimi nilidhani umeshakwenda zako mbinguni."

"Mimi? Viazi vipya havijafika dukani nife? Ng'o! Weka dawa, we mama, acha kulia kwenye jicho langu, utaharibu kipimo."

Nikaweka tone. Nikamuuliza kama leo nisingekuja angempigia nani.

"Nisingempigia mtu. Mna wazee wengi wenye hali mbaya kuliko mimi. Ningesema amepata udhuru."

"Na kesho yake?"

"Ningesema hivyohivyo."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

"Jirani," nikamwambia Gunvor, "baba yako hayupo kwenye simu yangu."

Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, amesimama vilevile, hata kiti hakuvuta. Mimi nikabaki mlangoni. Baada ya muda akakaa. Halafu akaweka kiganja juu ya kichwa chake kama mtu anayezuia kofia isipeperuke.

Kipande kile alichokifuta kilikuwa na kazi. Hakuna kingine kilichokuwa kinakiita kwa sababu kilikuwa kinajiamsha chenyewe, Jumatatu alfajiri, wiki inapopangwa upya. Kazi yake ilikuwa hii: mzee akihama, programu humhamisha yeye lakini jioni zake huzisahau kule alikotoka. Kipande kile kilikuwa kinakwenda kuzifuata na kuzileta. Kilifanya hivyo kila wiki bila kusema, kwa wazee wote waliohama, na Algot akiwa mmoja wao.

Alipiga simu manispaa papo hapo, wazee wengine waliohama wakafuatwa majumbani jioni ileile. Walikuwa wachache, na wote walipata huduma yao. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kisha akakirudisha kipande. Uzuri wa msimbo ni kwamba kilichofutwa hakipotei, kipo kwenye kumbukumbu, ndiyo maana yeye hana hofu ya kufuta. Na kumbukumbu hiyo huonyesha pia kila mstari uliandikwa na nani.

"Haya, sasa tumjue huyo mzembe," nikasema, nikitaka kumchangamsha.

Akaangalia. Akaangalia tena kwa karibu zaidi.

"Nani?"

"Gunvor Ekeblad," akasema.

"Si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Nilikuwa nimebanwa siku hiyo, nikaandika usiguse, nikasema sababu nitaieleza kesho." Akacheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. "Kesho yenyewe ndiyo leo, Yusta."

Tulipomsimulia mzee Algot alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mwanangu ulinilinda halafu ukanitupa? Kiwandani kwetu fundi aliyeacha uzi usiojulikana ni wa nini alikuwa anafumuliwa kitambaa chote mbele ya watu!"

"Baba, inatosha."

"Haitoshi. Nililipa shule yako."

Kazini hawakucheka. Krister aliitisha kikao, akaongea kwa sauti ya msibani. "Hili linatufundisha kwamba kusafisha ni hatari," akasema. "Hakuna anayemlaumu Gunvor. Tunamshukuru hata. Sasa tunaona ni kwa nini tunahitaji Gryning mapema." Akatangaza kwamba Gryning itawashwa Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo, ili kila mtu aende kwenye nyumba yake ya ziwani na moyo mweupe.

Nikumbushe tu kwamba mwezi wa Julai nchi hii haina watu. Ukiumwa jino Julai, unaumwa nalo hadi Agosti. Na wao walichagua kuwasha programu mpya ya wazee wa watu saa nane mchana, na saa tisa wawe njiani na mitumbwi juu ya magari.

Gunvor akauliza, "Gryning inajua kuzifuata jioni za waliohama?"

Malte akasema, "Gryning imejengwa kisasa."

"Nimeuliza kama inajua."

"Gunvor, hicho ni kitu cha programu ya zamani. Na, samahani, wewe mwenyewe ulikifuta."

Ni kweli alikifuta. Yule aliyekuwa akisafisha kila siku ndiye aliyekuwa ameharibu, na sasa kila alilosema lilisikika kama kujitetea. Jioni ile alishuka chumba cha kufulia bila nguo za kufua, akakaa juu ya benchi kati ya mashine. Nilimkuta hapo.

"Wakiiwasha ile Ijumaa, baba anatoka tena," akasema. "Na wewe Julai unakwenda likizo."

"Nakwenda, lakini nitawaambia watakaonishikia zamu."

"Watafuata simu, Yusta. Ndivyo tulivyowafundisha. Tuliwafundisha sisi."

Nilimwombea kimoyomoyo, kisha nikamwambia afanye kile anachofanya siku zote, kitu kimoja kidogo. Sikuwa na ushauri mwingine.

Akafanya. Kwanza alikipa kipande jina linalosema kazi yake: Leta Jioni za Waliohama. Akafuta USIGUSE na alama zake tatu, mahali pake akaandika kwa maneno ya kawaida kwa nini kipo na nani ataumia kikiondoka. Zile Jioni nne akazifanya moja. Halafu akaandika jaribio, yaani swali fupi ambalo programu hujiuliza yenyewe kila siku: mzee aliyehama, bado anatembelewa jioni? Ikijibu ndiyo, taa ya kijani kwenye skrini kubwa ya ukutani. Ikijibu hapana, nyekundu. Mwisho akaliweka swali lile pia kwenye foleni ya maswali ya Gryning, kama utaratibu wao unavyoruhusu kila mfanyakazi, na akamwandikia Malte kwamba ameliweka. Malte alikuwa anafungasha mtumbwi.

Ijumaa ikafika. Keki iliandaliwa, ya krimu na jordgubbar, matunda yale madogo mekundu ya huku, na juu imeandikwa Gryning. Watu wote wamesimama na sahani, kaptula zimeshavaliwa. Krister akahutubia, akasema wametoka gizani. Skrini ilikuwa ya kijani yote, imejaa, inapendeza, isipokuwa kinukta kimoja chekundu kwenye kona ya chini.

"Hiyo nini?" mtu akauliza.

"Hiyo ni moja tu," akasema Krister. "Kati ya mamia."

"Inaharibu picha," akasema mwingine aliyekuwa na simu mkononi, anataka kupiga.

Malte akapendekeza swali lile lizimwe kwa muda, kwa ajili ya picha tu, na likumbukwe Agosti. Wazo likaonekana la busara. Vichwa vikaanza kutikisika kukubali, taratibu, kimoja baada ya kingine, kama desturi.

"Krister," akasema Gunvor, "wewe ndiye mkuu. Mimi nilishakosea mwezi huu, sina haki ya kukufundisha. Ila soma jina la hilo swali kwa sauti, halafu lizimeni."

Krister akasogea kwenye skrini na sahani yake. Akasoma: "Mzee aliyehama bado anatembelewa jioni?" Akasoma na jibu chini yake: "Hapana."

Malte alikuwa ameweka sahani chini, anasoma yale maelezo aliyoyaandika Gunvor pembeni ya kipande, midomo inacheza. Yalikuwa na mifano, na mmoja ulikuwa mzee wa jicho moja.

"Huyu mzee wa jicho," akauliza, "ni mfano tu, au yupo?"

"Yupo. Sasa hivi anamenya viazi."

"Unamjua?"

"Ni baba yangu."

Gryning haikuwashwa. Hakuna aliyesema isiwashwe. Hilo ndilo linalonifurahisha kuhusu watu hawa: hawakufikia uamuzi, ila kila mmoja alianza kukata keki, na Krister akasikika akisema kwamba mapambazuko ya kweli huwa ni Agosti. Malte aliahirisha mtumbwi. Alikaa na Gunvor mchana ule, akakichukua kipande, akakiandika ndani ya Gryning kwa jina lilelile na maelezo yaleyale, mpaka kinukta kikageuka rangi.

Agosti walipowasha, nilikuwa nimerudi. Jumatatu jioni nikafungua simu, mzee Algot yumo. Nikashuka nikabisha.

"Umechelewa!" akasema. Sikuwa nimechelewa.

Krister, ambaye hawezi kuliacha jambo jema lipite bila sherehe, alitaka kumtengenezea Gunvor siku yake. Siku ya Gunvor, kila mwaka, na fulana, na yule mshauri wa vikaratasi aje tena. Alimwita mbele ya watu amuulize angependa fulana za rangi gani. Bertil nilipomsimulia hilo alisisimka, akasema yeye angechagua bluu, na karatasi za ukutani angeziandika bure.

Gunvor alisimama pale, na kikombe chake alichokuwa amekiosha mwenyewe, akasema:

"Fulana sitaki. Ninaomba kila mmoja, leo kabla hajaenda nyumbani, afute kitu kimoja kisicho na kazi alichokiandika yeye mwenyewe. Na atakachokiacha, aandike kwa nini kipo."